Suti nyekundu, njumu na minyororo: nashika maiki Ujiji, nitoke vipi?

Mama Cherehani, shikamoo.

Niite Mwekundu wa Gungu. Nina miaka 28. Mchana niko dukani Mwanga, nauza madaftari na kutoa fotokopi. Wikiendi ni mshereheshaji. Nilianza kushika maiki mwaka jana, baada ya MC wa harusi ya binamu yangu kuchelewa na mimi kusukumwa mbele kwa kuwa “una mdomo”. Toka siku hiyo napata kazi moja moja: ubarikio, kumtoa mtoto nje, sendofu mbili tatu.

Shida yangu ni mavazi. Sherehe zote hizo nimevaa gauni langu la bluu, refu, la mikono mirefu. Linanikaa vizuri, lakini watu wamenipa jina: dada wa kwaya. Wenzangu wanaume wakija kuongea na kamati wamepigilia suti ya kung'aa na kiatu kilichochongoka, bei inakubaliwa kabla hawajamaliza soda. Mimi naulizwa, “Utaweza kweli kuchangamsha watu?” Nikasema basi, nabadilika.

Mwezi uliopita belo lilifunguliwa pale sokoni Mwanga nikiwa nimesimama hapohapo, nikaokota suti ya kike, koti la safu mbili za vifungo na suruali pana. Nyekundu, Mama. Nyekundu ile ukiitazama sana halafu ukageuka kutazama ukuta, ukuta unauona kijani. Elfu 35, fundi akala 10 kunibania kiuno.

Nikaona suti peke yake bado ni ya mtu wa benki, nikaanza kuiongezea ukali. Nina kidani cheusi cha kubana shingo chenye miiba ya chuma, mkanda wa njumu (vile vichwa vya chuma vilivyopigiliwa), mnyororo wa kuning'inia kutoka mfukoni hadi kwenye mkanda, glavu za ngozi zisizo na vidole, pete sita (moja ina fuvu), hereni za kubana juu ya sikio (nywele zangu fupi, pembeni nimenyoa), kikuku, buti nyeusi za soli nene, lipstiki nyeusi. Na jaketi jeusi la ngozi, la kutupia mabegani.

Jumapili nikavaa vyote kwa mpigo nikatoka uani. Mama alikuwa anachambua dagaa. Akaninyanyulia macho, akaniuliza, “Umevaa au umefungwa?” Kaka yangu, anaendesha bodaboda Kibirizi, akasema nimefanana na pikipiki yake: nyekundu, na kila penye nafasi pamebandikwa kitu cha kumetameta. Mama alipomaliza dagaa akaniita pembeni, sauti ya chini kabisa, akasema nyekundu na nyeusi na mafuvu ni vitu vya kwa mganga, nitawatisha watu wa Ujiji.

Maana kazi yenyewe ni Ujiji. Sendofu, Jumamosi ya wiki ijayo, jioni, ukumbini, watu kama 200, familia ya wazee wa siku nyingi pale. Kianzio nimeshapokea, na kwa kusema kweli ndicho kilichonunua buti. Mwenyekiti wa kamati, baba mpole sana, alinipigia juzi. Akaniambia, “Mwanangu, wewe vaa unavyopenda. Ila ujue bibi yake bi harusi atakuwepo, mzee wetu wa miaka 80 na kitu.” Akakata simu. Nimebaki najiuliza alikuwa ananiruhusu au ananikataza.

Gauni la kwaya sirudi. Lakini pia sitaki kufika Ujiji watu wakanicheka kabla sijasema karibuni. Nibaki na nini, nitoe nini?

Mwekundu wa Gungu, Kigoma

*

Marahaba, Mwekundu.

Mwambie mama yako nimempenda bure. “Umevaa au umefungwa?” ni swali ambalo sisi mafundi tunahangaika miaka namna ya kumuuliza mteja bila kumpoteza, na yeye kaliuliza mkono uko kwenye dagaa. Jibu lake tutalipata hapa chini, lakini kabla ya mkanda na miiba kuna simu ya kupiga leo, si kesho.

Mpigie msimamizi wa bi harusi umuulize bi harusi anavaa rangi gani. Msimamizi, si mwenyekiti. Wanaume wa kamati ukiwauliza rangi watakwambia “nyekundu-nyekundu hivi” na wakamaanisha zambarau. Wewe mwenyewe unajua kwamba kwenye sendofu binti havai nyeupe, nyeupe inasubiri harusi, na nyekundu ni moja ya rangi ambazo mabinti wanazikimbilia. Akiwa amechagua nyekundu, suti yako inabaki kwenye hanga siku hiyo, hakuna mjadala: utavaa suruali nyeusi, blauzi nyeusi, buti zako, na ukali wote utakaousoma hapa unafaa vilevile juu ya nyeusi. Muulize pia sare ya kamati. Ukikuta kamati nzima iko kwenye nyekundu, utapita usiku mzima ukiulizwa soda ziko wapi.

Tuseme njia nyeupe, binti amechagua kijani cha zumaridi au dhahabu. Tuendelee.

Hofu ya mama yako siipuuzi, kwa sababu vitambaa vyekundu, vyeusi na vyeupe kweli vinaning'inia kwenye vilinge vya waganga na kila mtu ameshaviona. Lakini rangi hizohizo tatu ni za bi harusi pia. Kanga ya kisutu ni nini? Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Ndiyo kanga ya harusi kwa Waswahili, na Ujiji ni mji wa Waswahili tangu misafara ya pwani ilipofika ziwani. Bibi yule wa miaka 80 na kitu akiona nyekundu na nyeusi hatakumbuka kilinge, atakumbuka harusi. Kitakachomkumbusha kilinge ni fuvu. Kwa hiyo pete ya fuvu iache nyumbani, na mama yako utakuwa umemjibu bila kubishana naye.

Na hapa ndipo nina wazo ambalo nililipata nikiwa nakunywa chai, nikacheka peke yangu. Koti lako lina mfuko wa kifuani? Koti la safu mbili mara nyingi linao. Tafuta kisutu cha zamani, cha kwenu, pembe yake iliyochakaa, ukunje kipande cha ukubwa wa kiganja ukichomeke mfukoni, pindo lionekane kidogo. Usikate kanga ya mtu. Kukunja tu kunatosha ukipata leso ndogo, au fundi akutolee kipande kwenye kisutu kilichoraruka. Vijana wataona urembo wa mfukoni, akina bibi wataona kisutu. Kigelegele cha kwanza kitatoka meza yao.

Sasa ukali. Ule mtindo wa njumu, pini na minyororo unaoupenda ulipata sauti yake London miaka ya 1970, kwa vijana waliokuwa wanapiga muziki wa panki, na mama mmoja mbunifu, Vivienne Westwood, aliyekuwa na duka barabara ya King's Road akiwavisha. Shabaha yao haikuwa siri: kuwaudhi wazee. Wewe, mwanangu, umelipwa na wazee. Kianzio chao unakivaa miguuni. Hiyo haimaanishi usiguse njumu. Ina maana njumu zako zifanye kazi nyingine, za kumfanya mtu aseme “huyu dada anajiamini” halafu asikilize. Zikiwafanya wasogeze viti nyuma, umeharibu kazi.

Umesema ukuta unauona kijani. Hilo umelisema kwa utani lakini ndilo jambo zito kuliko yote kwenye barua yako. Jicho likitazama nyekundu kali kwa muda, zile sehemu zake zinazopokea wekundu zinachoka, ukihamisha macho unaona rangi iliyo kinyume, kijani kinachoelekea bluu. Sasa fikiria watu 200 wanakutazama kwa saa tano nzima. Suti yako inachosha macho kwa asili yake, si kosa lake, ndivyo nyekundu ilivyo. Inahitaji mahali pa kupumzikia macho, na mahali hapo ni weusi usiong'aa: fulana nyeusi ya shingo ya juu ndani ya koti, buti nyeusi, mkanda mweusi. Chuma kinachomeremeta hakipumzishi jicho, kinalichoma. Wewe ulipojipanga Jumapili ulichukua ngoma kuu ukaiwekea ngoma kuu nyingine sita. Nyekundu ikishapiga, vingine viwe manyanga.

Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa hili wamelifanya kuwa elimu. Nawasema wale wanaume watanashati wa Kinshasa, na wenzao wa Brazzaville, wanaoitwa sapeurs, ambao mwanamuziki marehemu Papa Wemba aliwatangaza duniani kuliko mtu yeyote. Mtu anavaa suti ya rangi ya waridi kutoka kichwani hadi miguuni na hachekwi, anapigiwa makofi. Wana kanuni yao: rangi zisizidi tatu. Hesabu zako: nyekundu, nyeusi, fedha. Zimejaa. Kucha za dhahabu, pochi ya chui, miwani ya bluu, zote zimekosa nafasi.

Ila hakikisha kwanza fedha ndiyo inayoifaa nyekundu yako. Ichukue suti mchana uiweke kivulini, si juani, ukiizungushia vitu viwili: chupa ya mawese na kitambaa cha damu ya mzee. Ikielekea kwenye mawese, ina njano ndani, na njumu za shaba au dhahabu iliyofifia zitakaa nayo vizuri kuliko fedha. Ikielekea kwenye damu ya mzee, chuma cheupe na fedha ndiyo mahali pake. Kuchanganya fedha na dhahabu inawezekana, nimeona watu wanaweza, lakini si siku ya kazi na si mara ya kwanza.

Haya, twende mwilini, na nitaanza mahali ambapo hukutaja kabisa: mkono wa maiki. Vaa pete zako tano, shika kopo la dawa ya mbu kama ndiyo maiki, uhesabu moja mpaka kumi huku unaligeuza mkononi kama unavyofanya ukiwa kazini. Umesikia? Ta, ta, ta. Sasa weka sauti hiyo kwenye spika mbili za ukumbi. Nimekaa kwenye harusi moja ambapo MC alikuwa na bangili za chuma, na mpaka leo neno la baba wa bwana harusi silikumbuka, nakumbuka kengele. Mkono wa maiki uwe mtupu. Pete tatu nzito ziende mkono mwingine, ule unaoutumia kuonyesha watu meza zao, na hapo ndipo zinapoonekana. Mkono mmoja mtupu na mmoja umejaa chuma una ukali kuliko mikono miwili iliyofanana.

Glavu zinakwenda na pete: ama moja, ama nyingine. Mimi ningechukua pete. Glavu za ngozi ndani ya ukumbi wa watu 200 Agosti hii, utazivua saa ya kwanza na kuzisahau chini ya meza ya keki. Tena utapeana mkono na wazee, na mzee wa Ujiji kupewa mkono wenye glavu hatasema kitu, atatazama tu.

Kidani cha miiba. Nimekifikiria sana hiki kwa sababu naona ndicho unachokipenda. Tatizo si muonekano. Kazi yako ni kukumbatia. Utainama kwa bibi, atakushika shavu akuvute; utapokea mtoto wa mtu apige picha; bi harusi atakulalia bega akianza kulia wakati wa kuaga. Miiba ya chuma shingoni kwa mtu wa namna hiyo ni hatari kwa shela na kwa mashavu. Kama miiba yake ni ya kufunguka kwa skrubu, kama nyingi zilivyo, ifungue, ubaki na ukanda mweusi mtupu shingoni. Ukanda mweusi juu ya fulana nyeusi ya shingo ya juu utapotea, kwa hiyo ukichagua kidani, fulana iwe ya shingo ya mviringo na kidani kikae kwenye ngozi. Isipofunguka, nenda na shingo ya juu na kidani kibaki nyumbani. Na tafadhali, fulana isiwe na maandishi. Mtumba umeleta fulana nyingi zenye matusi ya lugha za watu, na kwenye ukumbi wa watu 200 hakosekani anayejua kusoma.

Vito vya bei nafuu, na vyako najua ni vya bei nafuu, vingi vina nikeli. Ukitoka jasho nikeli inagusana na ngozi, na mwenye mzio anaanza kuwashwa, shingoni na masikioni kwanza. Upande wa ndani unaogusa ngozi upake rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, iache ikauke usiku. Hereni zako za juu ya sikio zibaki. Kichwa chako kifupi kilichonyolewa pembeni ndicho fremu yake, na zitaonekana kila ukigeuka kumtazama DJ. Sikio moja tu, hizo zote. Sikio la pili liwe na kipini kidogo.

Mkanda wa njumu ndio mnyapara wa nguo hii. Usiupitishe kwenye suruali, maana koti la safu mbili likifungwa litaufunika na fedha yako itakuwa imelala bure. Ufunge juu ya koti, kiunoni pale fundi alipobana, vifungo vya koti vikiwa vimefungwa. Hapo suti ya benki inakufa yenyewe. Ukishafanya hivyo mnyororo wa mfukoni hauna kazi. Utagonga kiti, utanasa kwenye waya wa maiki, na ukicheza na watu wakati wa kutoa zawadi utakupiga pajani mpaka alama.

Kikuku, Mwekundu, sitazunguka. Ndani ya buti hakitaonekana, na juu ya buti kitaonekana na kila mtu, na unajua huku kwetu kikuku kinasemwa maneno gani. Maneno hayo mimi siyaamini, ni cheni kama cheni nyingine, nimevaa mwenyewe enzi zangu. Lakini usiku ule umeenda kuongea wewe, usimpe mguu nafasi ya kuongea.

Buti nazipenda bila masharti. Utasimama kwa saa tano, na viatu vya mchuchumio vingekuua saa mbili za kwanza. Shida ni suruali. Najua fundi alikubania kiuno. Urefu alikupimia ukiwa umevaa nini? Kama ulikuwa na kandambili, pindo limekuwa fupi kwa soli ile, na suruali pana ikiishia juu ya buti nene unafanana na mtu aliyevuka mto. Rudi kwa fundi na buti miguuni. Pindo la mbele liguse mgongo wa buti juu ya vidole, la nyuma lishuke kidogo lisimame kama nusu kidole kutoka chini. Sharti lisiguse chini kabisa, kwa sababu hiki ni kiangazi na vumbi letu unalijua. Vumbi la Kigoma nalo ni jekundu, lakini wekundu wake na wako haupatani, linaacha pindo na mstari wa kahawia. Kutoka Gungu mpaka Ujiji juu ya bodaboda, kunja suruali mpaka magotini ufunge kanga juu yake, na buti zifute ukifika. Kaka yako akupeleke, tena bure, amesema vya kutosha.

Pasi pia. Suti za namna hiyo nyingi ni za poliesta, ukizipiga pasi ya moto moja kwa moja zinang'aa kwenye mishono na mng'ao huo hautoki. Weka kitambaa chembamba chenye unyevu juu, moto wa wastani, uikandamize bila kuburuza. Na kabla ya yote, lowesha pamba nyeupe, uisugue ndani ya kwapa la koti. Ikitoka na wekundu, koti linachuja. Utavaa fulana nyeusi kama nilivyosema, na usikumbatie mtu mwenye nguo nyeupe ukiwa na jasho.

Lipstiki nyeusi hapana. Watu watakutazama mdomo usiku kucha, rangi nyeusi inahamia kwenye meno na kwenye kichwa cha maiki, na maiki ile ataishika shehe akiomba dua. Lakini usikimbilie nyekundu ya kufanana na suti nayo, utafanana na mdoli aliyevishwa dukani. Chukua damu ya mzee iliyokolea, ukingo upige wanja mweusi mwembamba. Macho yapake wanja wa kutosha na uishie hapo. Weusi ulioutaka mdomoni upeleke kwenye kucha, fupi, bila kung'aa.

Jaketi la kutupia mabegani silitaki humo. Nyekundu nzima uliyoitafuta kwa jasho unaifunika na ngozi bandia, kwa joto gani? Livae siku nyingine na jinzi, uende nalo kwa wateja. Hilo jaketi na fulana nyeupe kwenye kikao cha kamati litakutoa kwenye kwaya kabla hata hawajaiona suti.

Bado jambo moja la kiufundi, na hili limenigharimu mteja. Nilimshonea dada mmoja gauni jekundu la sherehe ya jioni, kitambaa kizuri, nilikipitisha mikononi mwangu mwenyewe. Picha zikarudi gauni ni kahawia, kama chai ya rangi. Akaja na hasira, anasema nimembadilishia kitambaa. Haikuwa kitambaa, zilikuwa taa. Nyekundu inaonekana nyekundu kwa sababu inarudisha mwanga mwekundu. Ukiimulikia taa ya bluu au ya kijani, haina cha kurudisha, inakuwa nyeusi. Na hata bila taa, wekundu unakufa mapema giza likiingia. Kaa pale Kibirizi jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, tazama akina mama wanaoanua dagaa: kanga nyekundu zinageuka nyeusi wakati za bluu bado unaziona. Kwa hiyo ongea na mtu wa taa mapema. Za rangi azungushe kwenye uwanja wa kucheza. Pale unaposimama wewe aweke taa nyeupe yenye joto. Mpiga picha naye mwambie apunguze mwanga kidogo akikulenga, simu na kamera nyingi zikikutana na nyekundu kali zinaivimbisha mpaka mishono na vifungo havionekani, unabaki doa jekundu lenye kichwa. Jaribu nyumbani usiku, umwambie kaka akupige picha mbili, moja chini ya taa na moja mlangoni.

Kuhusu simu ya mwenyekiti: alikuruhusu. Mtu wa Ujiji akikataza hataji bibi, anataja bajeti. Alikuwa anakuomba umkumbuke bibi, basi, na kisutu mfukoni kitakuwa kimemkumbuka.

Halafu jiandae na hili, maana litatokea dakika ya kwanza. Utapanda jukwaani na nyekundu hiyo, na kutoka meza za nyuma mwana Yanga mmoja atapiga kelele, “Aaah, Simba tena!” Nusu ya ukumbi watashangilia, nusu watazomea. Kama jibu lako halijawa tayari, suti itakuwa imekushinda kwa mambo ambayo hayahusiani na mshono. Mimi ningemuuliza jina lake na meza yake, nimwite mbele, nimpe kazi ya kugawa maji. Wewe utakuwa na lako, una mdomo.